Je, wajua kwa nini mahali inapokaa skrini huubadilisha mkono wa daktari mpasuaji?

Simama dakika tano pembeni ya fundi cherehani pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, umtazame akishona kola. Kichwa kimeinama, macho yako kwenye sindano, vidole viko hapohapo vinasukuma kitambaa. Jicho, mkono na kazi vimekaa mstari mmoja. Sasa mfunike mikono kwa khanga, weka kamera ndani yake, picha ipeleke kwenye runinga iliyotundikwa ukutani kushoto kwake, kisha mwambie aendelee. Fundi ni yuleyule, lakini kola itapinda.

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi daktari wa upasuaji wa matundu madogo. Tumbo la mgonjwa hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi ili ipatikane nafasi, kamera nyembamba hupitishwa, mara nyingi kitovuni, na vifaa virefu vyenye koleo au mkasi kwenye ncha hupita katika matundu mengine yenye upana wa milimita 5 hadi 12 hivi. Ndani ya tumbo haoni kitu kwa macho yake. Anachokiona kiko kwenye skrini.

Tayari hapo ana mtihani. Penyeza fimbo kwenye tundu la ua wa mianzi, usogeze mkono kulia: ncha ya upande wa pili inakwenda kushoto. Ukuta wa tumbo huvigeuza vifaa vyake vivyo hivyo. Skrini ikiwa ubavuni, shingo inageukia huku na mikono inaelekea kule, basi kwa kila mwendo ubongo unalazimika kupiga hesabu upya. Msaidizi naye akiinamisha kamera kidogo bila kujua, "juu" ya kwenye picha si juu tena.

Mwaka 1998, watafiti wa Dundee, Uskochi, walichapisha jaribio ambalo madaktari walifunga fundo la uzi huku skrini ikihamishwa: mbele, kushoto, kulia, usawa wa macho, usawa wa mikono. Kazi ilikwenda vizuri zaidi skrini ilipokuwa mbele yao, chini, usawa wa mikono. Yaani walipotazama kama fundi wetu wa Mwanjelwa.

Aliyewahi kutazama mechi kwenye kibanda umiza, runinga ikiwa karibu na bati, anajua shingo inavyouma ifikapo dakika ya 90. Daktari anaweza kusimama hivyo saa mbili au tatu, tena ameshika mshipa wa mtu. Kwangu mimi, hospitali iliyonunua skrini kali ikaitundika juu ya kabati imenunua nusu ya kifaa.

Liko pia suala la kina. Picha ya kawaida ni bapa, na kwa kuwa taa hutokea palepale kwenye lenzi, vivuli ni vichache. Daktari hukisia umbali kwa kuona kipi kimekifunika kingine, au kwa kugusa taratibu kwa ncha ya kifaa. Skrini za pande tatu, zinazotazamwa kwa miwani maalumu, humpunguzia kazi hiyo.

Anayetoa kifuko cha nyongo mara nyingi husimama kushoto kwa mgonjwa, skrini ikiwa upande wa bega la kulia. Akija wa kidole tumbo, daktari husimama kushoto vilevile, ila skrini hushushwa hadi usawa wa nyonga ya kulia. Ndiyo maana hufungwa kwenye mkono unaozunguka au meza ya magurudumu, na husogezwa kabla kisu hakijagusa ngozi.