Saa za Kazi na Uchovu katika Vituo vya Nyuklia: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Zinapotajwa hatari za kituo cha umeme wa nyuklia, wengi hufikiria mionzi, pampu na kuta nene za zege, na ni wachache wanaomfikiria mwendeshaji aliyeketi mbele ya mita saa kumi alfajiri huku kope zikimlemea. Huenda ndiyo maana kanuni zinazosimamia saa za kazi za watu hawa hueleweka vibaya, wakati mwingine hata na wale wanaopangiwa zamu kwa mujibu wake. Nitazitazama kanuni za Marekani, ambazo zilitangazwa mwaka 2008 na ambazo vituo vilitakiwa kuanza kuzitekeleza Oktoba 2009.

Dhana ya kwanza ni kwamba hizi ni sheria za maslahi ya wafanyakazi, zilizowekwa ili watu wasinyonywe. Manufaa hayo yapo, lakini siyo yaliyokusudiwa. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya nchi hiyo iliziweka katika kanuni zilezile zinazohusu ulevi na dawa za kulevya, kwa hoja kwamba mtu aliyechoka sana, sawa na aliyelewa, hafai kukabidhiwa kinu cha nyuklia. Mlinganisho huo una msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 huko Australia ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama aliye na asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na akifikisha saa 24 hukaribia asilimia 0.10. Katika vituo vya nyuklia vya Marekani, mfanyakazi anayepatikana na asilimia 0.04 huhesabiwa kuwa ameshindwa kipimo.

Dhana inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile inayosema kwamba ukiwa ndani ya kikomo, basi uko salama. Vikomo vyenyewe ni hivi: mtu asifanye kazi zaidi ya saa 16 katika muda wowote wa saa 24, wala zaidi ya saa 26 katika saa 48, wala zaidi ya saa 72 katika siku 7. Baina ya zamu moja na nyingine apumzike angalau saa 10, na katika kila siku 9 apate mapumziko ya saa 34 mfululizo. Kwa anayesoma upesi, ulinzi huo unaonekana umekamilika.

Sasa mchukue mwendeshaji anayeanza zamu za usiku za saa 12, kuanzia saa moja jioni. Siku ya kwanza ameamka saa moja asubuhi kama kawaida yake, akashinda na shughuli za nyumbani, kisha akaingia kazini bila kulala mchana. Inapofika saa kumi alfajiri amekuwa macho kwa saa 21, na hakuna kikomo hata kimoja alichokivuka. Asubuhi anakabidhi zamu, na muda wa makabidhiano hauhesabiwi kuwa saa za kazi. Anasafiri saa nzima kwenda nyumbani, na muda huo pia hauhesabiwi. Anaoga, anakula, anaingia kitandani saa nne, na saa kumi alasiri inambidi aamke ili aweze kurudi. Hesabu inampa saa 6 za usingizi, tena kwa sharti kwamba mwanga, joto na kelele za mchana vimemwacha alale, jambo ambalo ni nadra, kwa kuwa mwili wa binadamu haukubali mchana ugeuzwe usiku kwa urahisi. Kanuni inahesabu saa za kazi. Saa za usingizi haina njia ya kuzihesabu. Waliotunga kanuni walilijua hilo, ndiyo maana waliandika wazi kwamba anayempima mtu kwa uchovu hawezi kuamua kwamba yuko sawa kwa sababu tu hajavuka vikomo.

Wapo watakaojibu kwamba mwili huzoea. Mwili hauzoei, kinachotokea ni kwamba mtu huacha kutambua alivyochoka. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walilala saa 6 au pungufu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao ulizidi kushuka siku hadi siku, hata ukafanana na wa watu waliokesha usiku mmoja au miwili mfululizo, lakini wenyewe, walipoulizwa, walijiona wamesinzia kidogo tu. Kwa hiyo kauli ya «mimi nimezoea usiku», hata ikitoka kwa mkongwe wa miaka 20, isichukuliwe kuwa kipimo. Kahawa nayo huficha usingizi kwa saa chache bila kuulipa.

Wengine hudhani kwamba suala hili ni la chumba cha udhibiti peke yake. Ni kweli kwamba kisa kinachokumbukwa zaidi kilitokea humo: Machi 1987 tume iliamuru kituo cha Peach Bottom, jimbo la Pennsylvania, kizimwe baada ya kubainika kwamba waendeshaji walikuwa wakilala kazini. Lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 mzigo wa saa za ziada uliwaangukia walinzi, hata ikabidi mwaka 2003 tume itoe amri ya kudhibiti saa zao. Mwaka 2007, katika kituo hichohicho cha Peach Bottom, walinzi walionekana kwenye video wakiwa wamelala. Leo kanuni zinawahusu pia mafundi wa matengenezo, wataalamu wa kinga ya mionzi na kemia, na kikosi cha zimamoto.

Kuhusu kipindi ambacho kinu kimezimwa kwa matengenezo, husemwa kwamba hatari imeondoka na watu wanaweza kufanya kazi kadiri wanavyoweza. Kinu kilichozimwa bado huzalisha joto linalotokana na kuvunjika kwenyewe kwa atomi zenye mionzi, yapata asilimia 6 au 7 ya nguvu yake mara tu kinapozimwa, na joto hilo lisipopozwa linaweza kuyeyusha fueli ya nyuklia iliyomo ndani yake. Ni kweli kwamba katika siku 60 za mwanzo kanuni za siku za mapumziko hulegezwa: waendeshaji hupewa siku 3 katika kila siku 15, na mafundi wa matengenezo siku 1 katika kila siku 7. Vikomo vya saa 16, 26 na 72 havilegezwi.

Yapo pia madai kwamba msimamizi anaweza kumwongezea mtu saa kila anapopungukiwa watu. Ruhusa ya kuvuka kikomo ipo, lakini hutolewa pale tu msimamizi wa zamu au kiongozi wa ngazi ya juu wa kituo anapoona kwamba bila hivyo usalama au ulinzi wa kituo utadhurika, na kwa mambo ambayo uongozi haukuweza kuyazuia. Zaidi ya hayo, msimamizi aliyepewa mafunzo lazima aonane na mfanyakazi huyo ana kwa ana, amtathmini, na afanye hivyo si zaidi ya saa 4 kabla ya saa za nyongeza kuanza. Simu haitoshi. Mimi naliona sharti hili kuwa miongoni mwa yale yenye busara zaidi katika kanuni nzima, kwa kuwa linamlazimisha anayeomba saa za ziada amtazame usoni yule atakayezifanya.

Hatimaye iko dhana kwamba mfanyakazi anayesema «nimechoka, siwezi kuendelea» amekiri udhaifu. Kanuni inalichukulia tamko hilo kuwa sehemu ya mfumo wa usalama: kila kituo kinatakiwa kiwe na utaratibu ulioandikwa wa kulipokea, unaoeleza haki na wajibu wa pande zote mbili, na anayelitoa hufanyiwa tathmini. Hata hivyo, utaratibu huo unategemea kuwepo kwa mtu wa kumpokea zamu. Ikiwa zamu imepangwa kwa idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa, mwenye usingizi anajua kwamba akiondoka, mwenzake aliyemaliza saa 12 ndiye atakayezuiwa asiende nyumbani. Atanyamaza kwa ajili ya huyo mwenzake, na fomu za kituo zitaonyesha kwamba usiku huo hakuna aliyechoka.