Namba ya tarakimu 25 iliyokwama kwenye hatua ya 26

3608528850368400786036725

Izibe kwa kiganja, uache tarakimu ya kwanza tu. 3 inagawanyika kwa 1, hilo halina ubishi. Sogeza kiganja: 36 kwa 2. Kisha 360 kwa 3, 3608 kwa 4, 36085 kwa 5, 360852 kwa 6. Tukifika 7 ndipo wanafunzi huanza kunitazama kwa mashaka, maana kanuni ya 7 hakuna anayeikumbuka. Basi tunagawanya kwa mkono: 3608528 kwa 7 ni 515504, bila baki. Inakwenda hivyo hivyo mpaka mwisho, tarakimu zote 25 zigawanyike kwa 25.

Namba za namna hii zipo 20,456. Yupo mdogo wake maarufu, 381654729, anayetumia tarakimu 1 mpaka 9, kila moja mara moja tu. Lakini huyu wa juu ndiye mrefu kuliko wote, na hana mwenzake wa urefu huo.

Kwa nini ziishe, wakati namba zenyewe hazina mwisho? Tuseme una tarakimu 8 na unatafuta ya 9. Unaweza kuweka 0 mpaka 9, yaani unajaribu namba kumi zinazofuatana, na katika hizo lazima ipo inayogawanyika kwa 9. Hatua ya 10 inakubali 0 peke yake. Ndiyo maana zenye tarakimu 9 ni 2,492 na zenye tarakimu 10 ni 2,492 vilevile. Balaa linaanzia 11. Namba kumi zinazofuatana zinaweza kukikosa kabisa kigawe cha 11, na kila unavyosonga mbele nafasi inazidi kubana. Zenye tarakimu 19 ni 90, za 20 ni 44, za 24 ni tatu, za 25 moja.

Sasa tuone inavyokwama. Karatasi na kalamu vinatosha. 26 ni 2 mara 13. Kupima 13 kuna ujanja, kwa sababu 1001 ni 7 × 11 × 13: kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu.

725 − 036 + 786 − 400 + 368 − 850 + 528 − 608 + 3 = 516

516 kwa 13 inabakiza 9. Kuongeza tarakimu mwishoni ni kuzidisha kwanza kwa 10, kwa hiyo 9 inakuwa 90, na 90 kwa 13 inabakiza 12. Imepungua 1 tu kufika 13, na hakuna tarakimu nyingine inayofaa. Iweke hiyo 1, namba inakuwa witiri, na 26 haigawanyi witiri. Baki lingekuwa 11, tungeweka 2 na kuendelea.