Mlango wa gari ukishuka, usianze na komeo

Mlango wa dereva ndio unaozeeka kwanza. Unafunguliwa kutwa nzima, na wengi wetu tukishuka tunauegemea kama mkongojo. Corolla yangu ya mwaka 1986 ilifika mahali ukiufungua mlango unadondoka nusu kidole, na kuufunga mpaka uuinue kwa mkono huku unausukuma kwa nyonga. Isitoshe, naishi Tanga, upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka barazani, kwa hiyo rangi ya chini ya mlango huohuo ilikuwa imeumuka kama andazi. Ushauri wa majirani ulikuwa mwingi. Nusu yake ungeniulia gari.

Wa kwanza: "Legeza komeo la kwenye nguzo, lishushe kidogo, mlango utafunga." Utafunga kweli, na ubaya wake ndio huo. Kile chuma kilicho kwenye nguzo ya nyuma ya mlango kazi yake ni kuushika mlango uliokwisha kufika mahali pake, si kuubeba. Ukikishusha kiufuate mlango, umeuruhusu kuning'inia. Bati la chini litaanza kusugua kizingiti, rangi itatoka, na rangi ikitoka kutu haikawii. Mwakani utakishusha tena, mpaka nafasi ya kushushia iishe.

Kinachotakiwa ni kujua kwanza kilicholegea. Fungua mlango nusu, ushike chini, upande ulio mbali na bawaba, uinue na kuushusha taratibu. Mtu mwingine aweke kidole penye bawaba, kiguse upande wa mlango na upande wa nguzo ya mbele inayobeba bawaba kwa pamoja. Mimi nilimpa mpwa wangu kazi hiyo. "Mjomba, ya juu inacheza," akasema, "ya chini imetulia." Vipande viwili vya bawaba vikichezeana, pini na bushi, yaani vile vipete vinavyoizunguka pini, zimelika. Bawaba nzima ikitembea juu ya bati, boliti zimelegea. Bati la nguzo likipumua pamoja na bawaba, nguzo imeoza au imepasuka kwa ndani. Hapo weka spana chini umwite fundi bodi, maana nguzo ni sehemu ya mifupa ya gari.

Wengine watakuambia uupandishe kwa jeki tu. Bawaba ikiwa imepinda, jeki husaidia. Pini ikiwa imelika, unaupandisha leo, keshokutwa umerudi palepale. Bushi ni kitu kidogo, na ukikosa dukani fundi wa kuchonga vyuma atakutengenezea za shaba. Jeki iache ifanye kazi ya kuubeba mlango, na kipande cha mbao na tambara juu yake, wakati unafungua boliti. Mlango wenye kioo ndani unaweza kufika uzito wa nusu mfuko wa saruji. Kabla ya kulegeza, chora mstari kuzunguka bawaba. Komeo lifungue kabisa uliweke pembeni, panga mlango kwa kutazama mianya yake na bati za jirani, ndipo ulirudishe. Na kama milango yote imeshuka, anza na wa nyuma, kwa kuwa wa mbele hupangwa kuufuata. Mimi nilianza na wa mbele. Nikairudia kazi yote.

Tuje kwenye kutu. Dhana iliyonichosha kuliko zote ni hii: maji yasiingie mlangoni, kwa hiyo ziba kila tundu kwa silikoni. Mlango wa gari haujatengenezwa kuzuia maji yote. Kioo kinachopanda na kushuka lazima kiwe na mwanya, mvua inateremka nacho mpaka tumboni mwa mlango, kisha inatokea kwenye matundu ya ukingo wa chini. Mpira mzima wa kioo unapunguza tu. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliyaziba matundu hayo. Nilipochokonoa la kwanza kwa spoki ya baiskeli, yalitoka maji meusi na majani ya mwarobaini yaliyooza, karibu kikombe kizima, na mvua ilikuwa haijanyesha siku tatu.

Ndiyo maana kupiga msasa na rangi juu ya kile kivimbe ni kupoteza Jumamosi. Bati la nje limekunjwa likalibana bati la ndani, na maji hulala kwenye mkunjo huo. Kivimbe unachokiona nje ni kutu iliyokwisha kula kutoka ndani. Kichome kwa bisibisi. Ikipenya, hapo hapana bati tena, na fila, ule udongo wa kupaka kwenye bodi, haiwezi kuwa bati. Fila ni ya kusawazisha. Ukiziba nayo shimo, itanyonya unyevu kwa nyuma, na baada ya misimu miwili ya mvua itabanduka kama ganda. Kata mpaka ufike kwenye chuma safi, chomelea kiraka, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ndipo fila nyembamba ifuate. Bati la mlango ni jembamba: chomelea nukta moja hapa, nyingine mbali, uliache lipoe, la sivyo litajikunja. Toa waya hasi wa betri kabla ya kuchomelea, na kioo kifunike vizuri, maana cheche za grenda zinajichimba kwenye kioo na hazitoki.

Dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosforiki, inafaa kwa kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma. Juu ya magamba yanayobanduka ni maji ya bure. Brashi ya waya kwanza.

Kwenye oili chafu najua nitawaudhi wazee. Kumimina oili chafu ndani ya milango kunazuia maji kwa muda, sikatai. Lakini inalainisha mipira, inakamata vumbi linaloziba matundu uliyokwisha kuzibua, na pale ilipopita rangi haishiki. Nta ya kunyunyizia ndani ya milango inafanya kazi hiyohiyo bila uchafu. Inyunyizie baada ya rangi kukauka, kisha pitisha spoki tena kwenye matundu.

Halafu kuna wenye Land Rover wanaotucheka: "Yetu alumini, haijui kutu." Bati la nje ni alumini kweli, tangu gari hilo lilipotoka mwaka 1948. Ila kwenye Defender za zamani fremu ya ndani ya mlango ni chuma, nayo inaoza kama ya Corolla. Tena metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe kwenye kingo za mlango si chumvi iliyokauka, ni bati lenyewe linalotoka. Ukiunda upya mlango wa aina hiyo, paka praima pande zote mbili, na mahali bati linapokutana na fremu weka utepe au rangi nzito visigusane.