Usiache wafarini kwa ajili ya jino

Dada mmoja aliingia kliniki Jumatatu kwa miguu yake, mkono kaufunika kwa kanga. Alipoufunua, ncha za vidole viwili zilikuwa za zambarau, na ngozi ya mapaja ilijichora kama wavu. Wiki moja kabla alikuwa ameambiwa aache wafarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, ili ang'olewe jino. Jumatano figo ziligoma, na pumzi akawa anaivuta kwa taabu.

"Dokta, jino tu?" kaka yake aliniuliza.

Dada huyu ana ugonjwa wa antifosfolipidi. Kingamwili zake zinashambulia protini zilizoshikamana na mafuta ya kuta za chembe, na damu inaganda ndani ya mishipa. Graham Hughes aliueleza huko London mwaka 1983. Wengi hupata bonge la damu mguuni, kiharusi wakiwa bado vijana, au mimba kuharibika mara kwa mara. Ila kwa wachache, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, mishipa midogo huziba mwili mzima: viungo 3 au zaidi ndani ya wiki moja. Takriban theluthi yao hufariki hata wakitibiwa. Huchochewa na maambukizi, upasuaji, uzazi, au kukatiza dawa kama hivi.

Kinachoniumiza zaidi ni majibu ya maabara. Ndani ya tyubu, kingamwili hizi huyadaka mafuta ambayo aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, kinayategemea, hivyo damu huonekana inachelewa kuganda. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo zimeshuka. Anayesoma harakaharaka anadhani huyu atavuja damu, anaogopa heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, kumbe ndiyo itakayomwokoa. Tulimwanzishia heparini, steroidi za dozi kubwa za kutuliza kinga ya mwili, na kubadilisha plazima (maji ya damu yanayobeba kingamwili hizo) usiku uleule. Kipimo cha kingamwili hurudiwa baada ya wiki 12 kuthibitisha ugonjwa, lakini tiba ya hali hii haisubiri. Figo zilirudi. Ncha ya kidole cha shahada tuliikata.

INR, kipimo cha jinsi wafarini inavyochelewesha damu kuganda, ikiwa kati ya 2 na 3, jino moja hung'olewa dawa ikiendelea: fundo la uzi, pamba yenye asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu, mgonjwa aing'ate. Kwenye upasuaji mkubwa wafarini husimamishwa, na mara nyingi sindano za heparini hushika nafasi yake. Kwa hiyo usiseme tu "natumia dawa ya kuyeyusha damu." Taja ugonjwa kwa jina, andika namba ya kliniki yako kwenye kadi ya INR, na omba tupigiwe kabla hujaruka hata dozi moja.