Sitiari: neno la kuazima na dhamira linayoibeba

Neno sitiari, ambalo wengine huliandika istiara, lilikuja na Kiarabu, na asili yake ni kuazima. Nikimweleza mtu maana yake huanzia hapo, maana kuazima hakuna asiyekujua. Nenda kwa jirani ukaazime kinu. Kama jana yake kilitwangiwa pilipili, unga wako utawasha hata ukisuuze mara tatu. Umeazima kinu, na pilipili imekuja nacho.

Sitiari iko hivyohivyo. Mwandishi huchukua jina la kitu kimoja akakipa kingine, bila kusema "kama" wala "mithili ya". Ukisema "Juma ni kama simba", hiyo ni tashbihi: vitu viwili vimewekwa pamoja, nasi tunaambiwa vinafanana. Ukisema "Juma ni simba", hiyo ni sitiari. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na mimi naona ndipo utamu unapoanza. Juma akishakuwa simba, haji na nguvu peke yake. Anakuja na ngurumo, na mawindo, na nyika, na heshima ambayo watu wetu wamempa mnyama huyo tangu zamani. Mwandishi anaweza kuzitumia zote, au akagusa moja tu na nyingine akatuachia. Dhamira ya kazi, yaani lile jambo hasa lililomsukuma mtu ashike kalamu, mara nyingi imejificha katika hizo tabia zilizokuja na kinu.

Chukua Al-Inkishafi, shairi refu la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, lililotungwa katika visiwa vya Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Mji wa Pate, uliowahi kuwa na matajiri wa kutajika, ulikuwa umeshaanguka. Mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe, anauonya usihadaike na dunia. Angeweza kusema tu kwamba dunia ina hatari. Ingekuwa kweli, na leo hakuna ambaye angekumbuka. Yeye akasema: "Suu ulimwengu bahari tesi". Ulimwengu ni bahari iliyochafuka, ina matumbawe, na anayeipanda anapata hasara.

Hebu tusimame kidogo kwenye neno matumbawe. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa watu wa pwani. Mali ya Pate ililetwa na bahari, kwa vyombo vya biashara. Na nyumba za mawe za mji ule zilijengwa kwa matumbawe hayohayo. Jiwe linalopasua chombo ndilo lililosimamisha kuta za tajiri. Mshairi halisemi hilo waziwazi. Mimi ndiye ninayelisoma hivyo, na nalisoma kwa sababu neno alilolichagua linaniruhusu. Angelichagua jangwa au msitu angepata hatari, sawa, lakini asingepata hili: kwamba kinachomtajirisha mtu na kinachomzamisha ni kitu kimoja. Dhamira ya shairi zima imo humo.

Kisha anabadilisha picha. Dunia, anasema, "ni kama kisima kisicho ombe", na hapo kisimani yupo ng'ombe mkali: kila anayesogea anapigwa pembe, asipate kabisa kunywa maji. Ombe ni ule ukingo unaojengwa kuzunguka mdomo wa kisima ili mtu asitumbukie. Angalia kwamba safari hii ametumia "kama", kwa hiyo kwa jina hii ni tashbihi. Wanafunzi hupoteza muda mwingi kubishana juu ya jina, ilhali la maana zaidi ni kuuliza kisima kimeleta nini ambacho bahari haikuwa nacho. Kimeleta kiu. Bahari unaweza kuiacha ukabaki nchi kavu. Kisimani unakwenda kwa sababu huna budi kunywa. Onyo limekuwa zito zaidi, kwani sasa hatari iko palepale penye haja yako.

Mbele zaidi anatuingiza ndani ya nyumba zenyewe. Madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Mstari huu kila nikiusoma huniuma kuliko yote, na hakuna sitiari ndani yake. Madaka ni madaka na makinda ni makinda. Mtu angeweza kuingia kwenye magofu ya Pate akayaona kwa macho yake. Hata hivyo yanasema zaidi ya yalivyo. Hiyo huitwa taashira: kitu ambacho kipo kweli ndani ya kisa na papo hapo kinasimama badala ya jambo jingine. Ukitaka kuitenga na sitiari, jiulize kama kitu chenyewe kipo mbele ya wahusika. Bahari tesi haipo, imeitwa tu ije kusaidia kusema. Makinda yapo.

Huko Kenya, hasa shuleni, utasikia sana pia neno jazanda. Wengi hulitumia kwa picha inayotambaa kwenye kazi nzima badala ya kukaa kwenye sentensi moja, ingawa wapo wanaoliita jazanda hata fumbo dogo. Sioni haja ya kugombana.

Tusidhani sitiari ni mali ya washairi peke yao. Kiswahili cha kila siku kimejaa. Chukua neno kula. Mtu hula kiapo, hula rushwa, hula hasara, hula njama na wenzake, na akizeeka tunasema amekula chumvi nyingi. Hakuna kinachopita kooni hapo. Sitiari hizi zimezoeleka hata hatuzisikii tena, na wataalamu huziita sitiari zilizokufa. Mwandishi mzuri huzifufua. Ikiwa katika riwaya kuna mtumishi wa umma anayekula rushwa, na mwandishi akamweka mezani sura baada ya sura, mdomo unang'aa mafuta, huku wanaosubiri saini yake wamekaa nje na njaa, basi neno tulilolizoea limerudi kuwa na meno. Mwandishi hana haja ya kuongeza kwamba ufisadi ni mbaya. Tumbo la msomaji limeshaelewa.

Zipo kazi ambazo sitiari ndiyo kitabu chenyewe. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi iliyo hewani. Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. Katika kujitetea Karama anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwemo. Walirudi na mambo ya kuifaa nchi, wakalipwa kifungo. Wengi husema kwa haraka kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni na kufunga kitabu. Sikatai, lakini kwa nini hewani? Nchi iliyo hewani haina udongo, kwa hiyo haina mipaka ya kuonyesha kwenye ramani, na mtawala hawezi kusema "umenitaja mimi". Tena hewa ipo kila mahali. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa baada ya uhuru anasoma kesi ya Karama na kuiona ya kwao. Kama Shaaban Robert angeitaja Tanganyika kwa jina, kitabu kingebaki 1951.

Hapo tumefika kwenye sababu moja kubwa ya waandishi kuazima: kuna wakati kusema wazi ni kifungo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika karatasi ya siasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Ilisema wazi, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 3. Gerezani aliendelea kutunga, akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo ndiyo yaliyokuja kuwa diwani ya Sauti ya Dhiki. Mojawapo linaitwa Mamba. Mwanzoni kabisa anatuambia anachokwenda kufanya na utungo wake: "Niufumbe, wafumbuwe wawezao". Atafumba, na wenye uwezo wafumbue. Baada ya hapo anamleta mamba mtoni, mwenye takaburi, anayejigamba kwamba ataishi milele.

Ukiwauliza watu mamba ni nani, watakujibu: mtawala dhalimu. Jibu ni sahihi, na halitoshi. Kwanza, kwa nini mamba na si simba? Simba kwetu ni jina la sifa. Mwite mtawala simba, hata kwa hasira, na utakuwa umempamba. Mamba hana sifa hiyo. Hulala kama gogo, na watu wanateka maji karibu naye. Pili, tazama anapokaa. Mto si wake. Hakuuchimba, na maji yanayomficha yanatoka mbali kuliko anavyojua. Mito hupwa, na mamba aliyepwelewa na maji hana pa kuuficha mgongo wake. Kujigamba kwake kwamba ataishi dahari kunajibiwa na mahali alipo, hata kabla mshairi hajamjibu.

Kuna msemo kwamba usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Soma shairi ukiwa nao kichwani. Mtungaji wake hakuwa amevuka. Alikuwa bado majini, ndani ya gereza, na mlinzi mlangoni. Wenye busara ya kawaida wangemshauri anyamaze mpaka afike ng'ambo. Yeye akamsema mamba akiwa kati ya mto, kwa lugha ambayo anayeisoma juujuu ataona habari za mnyama tu. Dhulma ni sehemu moja ya dhamira. Sehemu nyingine ni ujasiri wa kusema ukiwa mahali pa hatari, na ujasiri huo haukutajwa popote kwenye beti. Uko kwenye mnyama aliyechaguliwa, na saa aliyochaguliwa.

Kwa hiyo nikikutana na sitiari ninayoipenda, hufanya kitu kimoja tu: nakiacha kwanza kile kinachosimamiwa, naenda kukitazama kile kilichoazimwa. Mamba anakula nini, anazaliana wapi, anaogopa nini? Kisima kinachimbwaje, nani huenda kuteka, saa ngapi? Bibi yangu, ambaye hakusoma fasihi darasani, angenishinda kwa kazi hii, kwa sababu yeye alikijua kisima. Vijana wengi wa mjini wanafunga mlango wa Al-Inkishafi mapema kwa kuwa hawajapata kusimama kwenye kisima kisicho ukingo, na walimu wangefanya vyema kuwapeleka wakaone kabla ya kuwapa orodha ya tamathali za semi waikariri.

Abdilatif Abdalla alitoka gerezani mwaka 1972. Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mamba alikuwamo humo kitabuni, mtoni kwake, bado anajigamba.