Rust au Go? Niambie kwanza ni programu gani inakukera

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa jana saa tano usiku nimeshazima taa. "Mkuu habari, nimemaliza Python, sasa nijifunze Rust au Go ili niingie kwenye opensosi?" Nimelijibu hili swali kwa kifupi miaka na miaka na naona majibu mafupi hayasaidii mtu, kwahiyo leo naandika yote niliyonayo na atakayeuliza tena namtumia linki.

Swali lenyewe limekaa vibaya. Programu huria, ndiyo hiyo opensosi, programu ambazo kodi yake (maandishi ya programu yenyewe, sio kodi ya serikali) iko wazi kwa yeyote, ni maelfu ya miradi, na kila mradi ulishachagua lugha yake ya kuandikia zamani, mingine kabla wewe hujazaliwa, haitabadilika kwa sababu umefika. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ni C tangu 1991, Rust imeingia rasmi kwenye toleo la 6.1 mwishoni mwa 2022 na bado ni sehemu ndogo tu. LibreOffice ya nyaraka za ofisi ni C++. Kubernetes na Docker, za kuendeshea programu kwenye seva, ni Go. OpenMRS, ile ya mafaili ya wagonjwa ambayo Eldoret walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuitumia mwaka 2006, ni Java. DHIS2 inayopokea takwimu za vituo vya afya hapa Tanzania na Kenya ni Java kwa nyuma (kwenye seva) na JavaScript kwa mbele (kwenye skrini). QGIS ya watu wa ramani ni C++ ila plugini zake (nyongeza) nyingi ni Python. Moodle mnayotumia vyuoni, WordPress, MediaWiki inayobeba Wikipedia yote ikiwemo ya Kiswahili, zote PHP, ile PHP ambayo kila mwaka mnakuja kuniambia imekufa.

Sasa mtu akiniuliza lugha bila kutaja mradi ni kama abiria kafika stendi ya Mbezi anauliza apande basi gani, ukimuuliza unaenda wapi anasema popote. Nitamwambia nini?

Halafu hili neno "nimemaliza". Hili ndo linanichosha kuliko yote. Umemaliza Python maana yake umemaliza kozi, umeandika kikokotoo na ile programu ya orodha ya kazi za kufanya, sawa, hongera na nasema kwa moyo mmoja. Lakini chukua kitu unachokitumia kila siku, `sorted()`, ya kupanga orodha. Unajua kiko wapi? Fungua repo ya Python yenyewe, yaani ghala la kodi yake, ingia folda la Objects, kuna faili linaitwa listobject.c, huko ndiko orodha yako inakopangwa, na ni C tupu, algorithimu, yaani mbinu ya kupanga, ya Tim Peters ya mwaka 2002. Pembeni yake kuna faili lingine, listsort.txt, maelezo ya kawaida kabisa sio kodi, ameeleza kwanini amefanya hivi na sio vile, majaribio gani alifanya na nini hakikufaa. Mimi nimejifunza zaidi kwenye hilo faili moja la maneno kuliko kozi nyingi nilizolipia. Na hakuna mahali pameandikwa "mwanafunzi wa Python mwisho hapa".

Kwahiyo kujua lugha kwa ajili ya kuandika vitu vyako na kujua lugha kwa ajili ya kuingia kwenye kodi ya watu wengine ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili ndilo kazi yetu. Kwenye kodi ya watu unasoma siku mbili ili uandike mistari minne. Unaona neno kwenye skrini limekosewa, unafungua terminali unafanya `grep -rn` ya hilo neno, yaani unalitafuta kwenye mafaili yote, unakuta liko sehemu sita, tano ni testi na tafsiri, moja ndiyo yenyewe, unafuata ni wapi inaitwa hiyo fankisheni, kile kipande cha kodi chenye neno, unapiga `git log -S` (git ndiyo inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi) na hilo neno uone liliingia lini na nani aliliweka na aliandika sababu gani. Ukifika hapo umeshaelewa tatizo na bado hujagusa lugha yoyote kwa maana mnayoifikiria nyie. Mtu anayeweza kufanya hivi kwenye Python ataifanya kwenye Go baada ya wiki mbili tatu za kujikwaa. Asiyeweza, hata umpe lugha kumi bado atakwama mlangoni.

Hapo kwenye git niseme kitu kimoja cha watu wa bando. Ukikloni, yaani ukishusha nakala ya mradi mkubwa bila kufikiri utashusha historia yote ya miaka ishirini na kifurushi kinaishia njiani. Wengi wanashauri `--depth 1`, na ni kweli inashusha kidogo, ila inakuja bila historia, kwahiyo hiyo `git log -S` niliyosema hapo juu inakuwa haina cha kukuonyesha. Tumia `--filter=blob:none`, inakuletea historia ya komiti zote, yaani kila badiliko lililorekodiwa, na mafaili ya zamani inayachukua pale tu unapoyahitaji. Sio kamili, `git log -S` nayo itabidi ishushe mafaili hayo ya zamani kwanza, na ukiwa huna mtandao itakugomea katikati ya kazi, lakini mimi ndo natumia.

Kitu kingine ambacho hakuna anayeniuliza. Lugha zinazoshikilia miradi ni zile ambazo hakuna anayeziweka kwenye CV. Shell, Make na CMake za kujengea programu, YAML za kuendesha testi. Machi 2024 kuna mtu anaitwa Andres Freund, ni mmoja wa wanaoendeleza hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde na CPU inafanya kazi kuliko kawaida. Akafuatilia mpaka akakuta maktaba ya xz ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, imewekewa mlango wa siri. Xz ni C, lakini ungesoma kodi yote ya C usingeuona huo mlango kwa sababu ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio na ukaamshwa na skripti ya M4, lugha ya zamani inayotumika wakati wa kujenga programu, iliyokuwemo kwenye kifurushi cha kutolea toleo na haikuwemo hata kwenye git. M4! Nani kati yenu ameniuliza ajifunze M4? Na sisemi mkajifunze, nasema siku ukiikuta usiruke ukidhani sio kodi.

Haya, sasa sehemu yenyewe iliyonifanya niandike.

Kuna programu moja ya kliniki, sitaitaja, nilikuwa natafsiri maneno yake kwenda Kiswahili. Nikafika kwenye sentensi moja fupi, `"%s deleted"`, ile `%s` inajazwa na jina la kitu chochote kilichofutwa. Kwa Kiingereza haina shida, weka mgonjwa, weka cheti, sentensi inabaki vilevile. Kwa Kiswahili nifanyeje? Mgonjwa amefutwa. Faili limefutwa. Cheti kimefutwa. Ujumbe umefutwa. Miadi imefutwa. Mfumo umenipa pengo moja la kujaza, na mimi nina ngeli tano zimenikalia mbele. Nikiandika "%s imefutwa" muuguzi atasoma "Mgonjwa imefutwa", na mtu akisoma hivyo mara mbili anarudisha programu kwenye Kiingereza na hairudi tena kwenye Kiswahili. Watafsiri wengi wanakwepa kwa kuandika "Imefutwa: Mgonjwa", inapita, lakini ni kukwepa.

Kuna watu wataniambia mbona gettext, zana ya kutafsiria programu, ina mambo ya umoja na wingi. Ndiyo inayo, na ya Kiswahili ni rahisi, maumbo mawili tu, moja na zaidi ya moja. Lakini hiyo inaangalia idadi, haiangalii ngeli. Haijui kama kinachohesabiwa ni mtu au ni cheti. Mtafsiri hata awe mahiri namna gani hawezi kulitatua hili kwenye faili la tafsiri, lazima mtu aingie kwenye kodi akaivunje ile sentensi moja, kila kitu kiwe na sentensi yake kamili.

Basi nikaingia. Mradi ulikuwa Java na mimi Java niliiacha chuoni. Ilinichukua wikiendi mbili na kati ya hizo kuandika kodi kwenyewe hakukufika saa mbili, mistari ishirini na kitu, zote nilizinakili mtindo kutoka faili la jirani. Nikatuma PR, yaani ombi la mabadiliko yangu kuingizwa kwenye mradi. Msimamizi akakataa, na sababu yake ilikuwa nzuri, niseme ukweli: ukigeuza sentensi ya asili, tafsiri ya kila lugha nyingine iliyokuwa imekamilika inarudi kuwa haijatafsiriwa, yaani kwa ajili ya Kiswahili nawapa kazi watu wa lugha thelathini. Nilikaa nalo siku kadhaa. Halafu nikaandika jedwali, sentensi tano za Kiswahili, pembeni Kifaransa ambacho nacho kinabadilisha neno kwa vitu vya kike na vya kiume, pembeni Kiarabu ambacho nacho ni hivyohivyo, nikaonyesha kwamba hao waliokuwa "wamekamilika" walikuwa wanaonyesha makosa siku zote ila hakuna aliyesema. Ikapita.

Sasa niambie, hapo nilihitaji lugha gani? Java nilikuwa nayo robo. Kilichofanya ile PR iwepo ni kwamba mimi nazungumza Kiswahili na nimewahi kumwona mtu akisoma ile skrini. Wale walioandika programu wanaijua Java mara mia kuliko mimi na hiyo hitilafu wasingeiona maisha yao yote, Kiingereza chao hakiwaonyeshi. Ndo maana nakasirika kijana anapokuja ameamini kwamba hana kitu cha kuleta mpaka amalize lugha ya tatu. Unacho tayari!

Na mkianza bila kitu cha kuleta mnaishia kwenye README, lile faili la kuutambulisha mradi. Oktoba 2020 wakati wa Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia miradi huria, watu walimwaga PR za kuongeza neno moja la sifa kwenye README za watu ili wapate fulana, mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza, mradi ukawa lazima wenyewe ukubali kushiriki. Wasimamizi wengi wanafanya hii kazi jioni baada ya kazi zao. Usiwaongezee takataka.

Nina mashaka yangu pia na ushauri huu na ni bora niyaseme. Ninaposema anza na programu unayoitumia nadhani una laptopu na unatumia programu huria, wakati vijana wengi wanaoniandikia wana simu tu, na simu imejaa vitu vilivyofungwa. Kwa hao nasema angalieni VLC, app ya Wikipedia, OsmAnd ya ramani, ni huria zote, lakini kujenga app ya Android kwenye laptopu ya kuazima yenye RAM ya GB 4 ni mateso na sina dawa yake. Mashaka ya pili ni kazi. Tangazo la kazi linataja lugha, halitaji kama unajua kusoma kodi ya watu, na mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa siwezi kumwambia asiangalie soko. Kuna Google Summer of Code tangu 2005 na kuna Outreachy, mipango ya kuwaingiza watu wapya kwenye miradi huria, wanalipa posho, na kote huko unachagua mradi kwanza, lakini nafasi ni chache. La tatu ni C. Siku nyingine naamka naona kila mtu ajue kuisoma C kidogo, kwa sababu Python, Git, curl, PostgreSQL zote ukichimba unaikuta, siku nyingine naona nasema hivyo kwa kuwa mimi ndivyo nilivyopita. Sijaamua.

Yule wa jana usiku nilimjibu kwa swali: ni programu gani unaitumia mpaka unatamani ungeibadilisha kitu? Akakaa kimya kidogo, halafu akasema anaendesha bodaboda mchana na anatumia OsmAnd kwa sababu inafanya kazi bila bando, na angependa sauti iseme kama tunavyosema huku, "kata kulia" badala ya "geuka", na "kilomita moja na nusu" itamkwe hivyo, isitamkwe namba na nukta. Nikamwambia maelekezo ya sauti ya OsmAnd kila lugha ina faili lake, zamani yalikuwa Prolog, siku hizi ni JavaScript. Akauliza, "kwahiyo sio Rust wala Go?" Asubuhi nimeamka nimekuta ameshafungua faili, amenitumia picha ya fankisheni inayoitwa `distance`, amezungushia mstari mmoja na anauliza hii alama ya kuuliza katikati ya kodi inafanya nini.