Kupiga picha moyo bila kuingiza mrija: maana yake

Mtu akieleza kuwa kifua humbana kila apandapo ngazi, daktari hushuku mishipa ya korona, ile inayoulisha damu moyo wenyewe. Huenda imeanza kuziba kwa mafuta na kalsiamu. Kwa muda mrefu mishipa hiyo ilionekana vizuri kwa njia moja tu: mrija mwembamba, katheta, ulipenyezwa kutoka kinenani au mkononi hadi kwenye moyo, ikamwagwa dawa ya rangi na kupigwa eksirei. Daktari wa moyo Mason Sones wa Cleveland, Marekani, aliigundua njia hiyo mwaka 1958 kwa bahati, rangi ilipoingia kwenye mshipa wa korona wa mgonjwa pasipo kukusudiwa.

Vipimo visivyoingilia mwili ni vile visivyohitaji mrija huo. Jina lisikudanganye, lakini: sindano ya mkononi mara nyingi ipo, na baadhi ya vipimo vina mionzi.

Tena havijibu swali moja. CT ya mishipa ya korona, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, hutazama bomba, ndiyo mishipa yenyewe. Mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza mapigo, yakaribie 60 kwa dakika, maana moyo unaokwenda mbio hutoa picha yenye ukungu. Huchomwa rangi yenye iodini, akabana pumzi sekunde chache, basi. Kipimo hiki ni hodari wa kuondoa shaka: mishipa ikionekana safi, ni nadra sana maumivu yale yawe yametokana na kuziba kwake. Adui yake ni kalsiamu. Ikiwa nyingi hung'aa mno, na tundu la mshipa likaonekana jembamba kuliko lilivyo.

Vipimo vingine havina habari na bomba, vinatazama shamba linalomwagiliwa, yaani misuli ya moyo. Moyo huchapuzwa kwa mazoezi au kwa dawa, kisha huangaliwa sehemu ipi inalalamika. Kwenye eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ukuta uliokosa damu husinyaa kivivu. Kwenye picha ya nyuklia hutumika teknetiamu-99m, dawa yenye mionzi inayochomwa mwilini, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila saa 6. Sehemu iliyofifia wakati wa kuchapuzwa ikarudi sawa wakati wa kupumzika ni misuli hai yenye njaa ya damu. Ikififia mara zote mbili, huenda ni kovu. Picha hii hulinganisha upande na upande, hivyo mishipa mikuu yote ikiwa imebana kwa kiasi kimoja, mgonjwa anaweza kuonekana mzima. MRI, picha ya kutumia sumaku, nayo huonyesha njaa na kovu pamoja, bila mionzi, ila ni ghali na haipatikani kila mahali.

Kwa hiyo usishangae CT ikisema mshipa umebana nusu, na eko ikasema ukuta unafanya kazi vizuri. Hazigombani. Bomba limebana, shamba bado linapata maji, na mtu wa namna hii mara nyingi huanziwa dawa kabla ya kufikiriwa kuzibuliwa mshipa.